Hisi ya sumaku, si hisia

Msomaji mmoja anatafsiri maandishi ya programu ya simu inayomwonyesha mtumiaji njia kwa mtetemo, kwa kuiga wanyama wanaotambua uga wa sumaku wa dunia. Wenzake wameandika "hisia ya sumaku". Yeye anataka "hisi". Nani yuko sahihi?

Yeye. Na limeniudhi siku nyingi jambo hili, maana "hisia" imeimeza "hisi" kila mahali. Yote mawili yana shina moja la Kiarabu, na kitenzi "kuhisi" hubeba mizigo yote: mtu huhisi baridi, huhisi pia huzuni. Nomino ndizo zilizogawana kazi. Hisi ni kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Hisia ni ya moyoni: hamu, wivu, majonzi. Ukimwambia mtu ameumiza hisia zako, hakutazami macho kama yamevimba.

Sasa mchukue kasa. Katikati ya bahari, pasipo alama yoyote, hutambua nguvu ya uga wa sumaku na mwinamo wa mistari yake, yaani pembe inayoinamia ardhi, akajua aelekee wapi. Ukiandika "hisia ya kasa", msomaji anamwona kasa mwenye kiu ya kwao, na kile kipimo cha ajabu kimepotea. Ndege nao vivyo hivyo. Mwaka 1972 watafiti Wolfgang na Roswitha Wiltschko walionyesha kwamba dira ya robini wa Ulaya haitofautishi kaskazini na kusini. Hupima mwinamo tu, ikajua upande wa ncha ya dunia na upande wa ikweta. Moyo umeingilia wapi hapo?

Neno likikosewa, hata mchoro hukosewa. Mpe mbunifu "hisia", atakuchorea nyuso zinazocheka na kulia. Mpe "hisi", atafikiria ngozi. Ndivyo walivyofikiri Peter König na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osnabrück, Ujerumani, waliochapisha mwaka 2005 majaribio ya mkanda wa kiunoni wenye vitetemeshi: kinacholenga kaskazini ndicho kinachotetemeka, na ukigeuka, mtetemo unahama kiunoni. Hakuna mshale wa kusoma.

Kile kifaa cha kupimia sumaku kilichomo ndani ya simu kiiteni kihisi au kihisio, mimi nimechoka kugombana. Ila "sensa" hapana. Hiyo ni hesabu ya watu.

Basi skrini ya kwanza iandikwe "Hisi ya sumaku". Na kitufe cha kuwasha mtetemo kisiseme "Soma kaskazini". Kiseme "Hisi kaskazini".