Wasomaji Wauliza: Kutembea Kandokando ya Mabwawa ya Nyikani

Barua nyingi za safari hii zinahusu mabwawa ya maji ya kunywa yaliyojengwa kwenye miinuko ya kaskazini mwa Uingereza, hasa bonde la juu la Derwent katika hifadhi ya taifa ya Peak District. Njia za kando ya maji ni tambarare na nzuri kwa familia. Taabu huanza mtu anapoiacha njia, ama kushuka majini ama kupanda nyikani, kwa hiyo huko ndiko tulikokaa zaidi.

Nina watoto wa miaka 9 na 12. Tunaweza kuzunguka mabwawa ya Derwent na Howden kwa siku moja? Nitakadiriaje muda?

Mnaweza, ila msiuchukulie kuwa mwendo mfupi. Kutoka kituo cha wageni cha Fairholmes, kupanda upande mmoja na kurudi upande wa pili, ni kama kilomita 16. Upande wa magharibi ni barabara ya lami, upande wa mashariki ni njia pana ya changarawe. Miinuko ni michache.

Kwa hesabu tumia kanuni ya Naismith, ambayo wapanda milima wameitegemea tangu 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha dakika 10 za nyongeza kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 16 za tambarare ni saa 3 na dakika 12. Huo ni mwendo wa mtu mzima asiyepumzika. Kwa watoto wa umri huo ongeza nusu yake, halafu weka muda wa kula na wa kurusha vijiwe majini. Jumla yake itafika muda wa saa 6. Mwezi wa Desemba jua huzama huko kabla ya saa 10 jioni, basi muwe mmeshaanza saa 3 asubuhi.

Wengi hukwama hapa: wanadhani wakichoka watakatisha juu ya ukuta wa Howden. Msitegemee hilo. Kivuko chenu ni daraja la mawe la Slippery Stones, mbele kabisa ya bonde. Ukishalipita bwawa la Howden, njia ya kurudi na ya kuendelea zinakaribia kulingana. Kama mdogo ana miguu mizito, pandeni upande wa mashariki hadi ukuta wa Howden kisha mrudi mlikotoka.

Na msidanganywe na umbali mfupi wenye mlima. Kutoka chini ya ukuta wa Ladybower, bwawa la tatu la bonde hili, hadi kilele cha mlima wa Win Hill hakuzidi kilomita 2, lakini unapanda karibu mita 300. Hesabu yake ni dakika 24 za umbali na 30 za kupanda, jumla dakika 54, na miguu huzijua zote.

Je, ninaruhusiwa kuacha njia na kutembea nyikani popote? Na mbwa wangu?

Kwa England na Wales jibu liko kwenye sheria ya mwaka 2000 inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika ardhi iliyotengwa kuwa wazi: milima, nyika na malisho ya pamoja yaliyosajiliwa. Kwenye ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000 (kwa bonde hili ni karatasi OL1) ardhi hiyo imepakwa rangi ya manjano hafifu. Mistari ya kijani ya vikato vifupi ni njia za haki ya kupita, nazo unaruhusiwa kuzifuata hata zikikatiza shamba la mtu.

Haki hiyo ni ya miguu tu. Haijumuishi baiskeli, farasi, kupiga hema, kuwasha moto wala kuoga kwenye maji hayo. Mwenye ardhi pia anaweza kuifunga kwa siku kadhaa kwa mwaka, basi soma matangazo getini. Scotland ni habari nyingine: sheria yao ya 2003 ni pana zaidi, na kupiga hema au kuogelea kwa uangalifu kumo ndani yake.

Mbwa, kwenye ardhi hiyo ya wazi, lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na wakati wowote mwingine mkiwa karibu na mifugo. Ni miezi ambayo ndege kama sululu hutaga mayai chini, katikati ya majani. Mbwa hana haja ya kumuuma ndege. Akimfurusha tu kwenye kiota, mayai hupoa. Baadhi ya nyika za kuwindia kwale hazimruhusu mbwa kabisa.

Kuhusu moto tunasema kwa uchungu. Udongo wa nyika hizi ni mboji nyeusi, mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na ukikauka unawaka. Moto huingia chini ya ardhi ukatambaa bila kuonekana. Nyika ya Saddleworth Moor iliposhika moto Juni 2018, ilibidi askari wa jeshi waitwe kusaidia. Jiko dogo la kuchomea nyama linatosha kabisa kuanzisha janga kama hilo. Beba chakula kilichopikwa na chai kwenye chupa.

Siku ya joto maji yanaonekana yametulia, na mimi naogelea vizuri. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni baridi, na kuogelea vizuri hakuuondoi. Jua hupasha tabaka la juu tu. Ukipiga mbizi au ukishuka mita chache unakutana na maji ya tabaka la chini. Maji ya chini ya nyuzi 15 yakigusa kifua ghafla, mwili hushtuka: unavuta pumzi kwa nguvu bila hiari, na pumzi hiyo ikikukuta uso uko ndani ya maji unavuta maji. Moyo nao hupiga mbio. Hali hiyo hupungua baada ya dakika moja au mbili. Kisha, ndani ya dakika kama 10, vidole, mikono na miguu huishiwa nguvu, na hapo hata bingwa anashindwa kujivuta ukingoni.

Ukingo wenyewe hausaidii. Bwawa ni bonde lililojazwa maji: hatua tatu unasimama, ya nne huna chini. Kuta za mawe huteleza na hazina pa kushika. Zaidi ya hayo maji hutolewa kwa mabomba yaliyo chini, na valvu hufunguliwa bila kengele yoyote. Pale Ladybower utaona mashimo mawili makubwa ya duara karibu na ukuta. Ukuta wa Ladybower ni tuta la udongo, na maji yakipita juu yake yangeumomonyoa, kwa hiyo ya ziada huangukia kwenye mashimo hayo. Howden na Derwent ni kuta za mawe. Zenyewe humwaga maji kwa juu, na baada ya mvua kubwa ni mandhari ya kusimama na kutazama.

Ukitumbukia kwa bahati mbaya, usianze kuogelea. Lala chali, masikio yazame, tikisa mikono polepole uelee mpaka pumzi itulie, ndipo uite au utafute ukingo. Akitumbukia mwenzako, usimfuate. Piga 999 uombe zimamoto, mpazie sauti alale chali, mtupie boya au chochote kinachoelea.

Ukiona utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, huo huenda ni mwani wa bluu-kijani. Huwasha ngozi ya mtu, na mbwa aliyeunywa anaweza kufa.

Nilizama hadi gotini kwenye tope la nyikani na buti ikabaki. Nilikosea wapi?

Uliikanyaga kijani. Palipo na majani laini ya kijani angavu kama sifongo, chini yake ni maji. Nyasi zenye vishungi vyeupe kama pamba nazo ni onyo. Panapobeba ni kwenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau, kwa sababu mizizi yake imeshikana. Tanguliza fimbo: ikizama kiganja kimoja, pita, ikizama bila kizuizi, zunguka.

Mguu ukishazama usiuvute kwa nguvu moja kwenda juu. Tope likiwa limeubana, chini ya unyayo hakuna hewa, ndiyo maana buti hubaki. Kaa kitako au egemea nyuma ili uzito usambae, tikisa mguu kidogo kidogo maji yaingie kandokando yake, kisha uvute taratibu kwa mshazari na utambae hadi panapobeba. Tope la bwawa lililopungua maji ni lile lile, tena baya zaidi: juu limekauka na kupasuka kama sakafu, chini ni uji.

Na buti zifungwe kamba hadi juu. Suruali ya jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki.

Ukungu ukinikuta juu nifanye nini?

Simama kabla hujapotea, siyo baada. Soma dira palepale unapojua ulipo. Bwawa ni refu na liko chini yako, kwa hiyo mwelekeo unaolielekea utakufikisha kwenye njia hata ukikosea kidogo. Uandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka asubuhi. Shuka kwa kufuata mgongo wa kilima, usifuate kijito, maana vijito huko huishia kwenye mabonde membamba yenye maporomoko. Juu ya Kinder Scout, uwanda wa juu wa hifadhi hiyo, penye kimo cha mita 636, mifereji ya mboji hupinda huku na huko. Panda utoke kwenye kila mmoja na usome dira upya.

Ishara ya kuomba msaada ni mipulizo 6 ya filimbi ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia. Usiku tumia tochi vivyo hivyo. Simu ikishika, piga 999, omba polisi, halafu waokoaji wa milimani. Mtandao ukiwa dhaifu ujumbe mfupi unaweza kupita, ila lazima uwe umejiandikisha mapema kwa kutuma neno “register” kwenda 999.

Kupe je?

Wako hasa kwenye kangaga, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Chomekea suruali ndani ya soksi. Jioni kagua nyuma ya magoti, kinenani na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Duara jekundu linalopanuka likitokea ndani ya wiki chache, nenda kwa daktari.

Ni kweli kuna kijiji chini ya maji?

Viwili: Derwent na Ashopton, vilivyozama Ladybower ilipojengwa kati ya 1935 na 1943. Mnara wa kanisa la Derwent ulibaki umechomoza juu ya maji hadi ulipolipuliwa Desemba 1947. Magofu ya Derwent huonekana miaka ya ukame, kama 2018. Yatazame kutoka njiani, kwa sababu ya lile tope. Daraja lake la kale lilifunguliwa jiwe kwa jiwe kabla ya maji kupanda, likajengwa upya 1959 mbele ya bonde. Ndilo lile la Slippery Stones mtakalovuka na watoto.