Mama mkwe anataka keki ya matunda, wageni hawaili

*Shangazi, nafunga ndoa Desemba hapa Dar, wageni 250. Mama wa mchumba wangu amejitolea kulipia keki, ila anataka ya matunda, ghorofa tano, kama aliyokata yeye. Mimi kila harusi naiona inabaki kwenye sahani. Nikikataa nitaonekana nina kiburi hata sijaingia ndani. – Bi Harusi Mtarajiwa, Tabata*

Mwanangu, usimkatalie. Mpe keki yake, ila iwe ndogo.

Keki ya harusi kwetu ina kazi mbili. Moja ni heshima: MC anaita, mnabeba sahani hadi meza ya wakwe, mnapiga goti, vigelegele. Hiyo keki ya matunda inaiweza. Inakaa wiki nyingi bila kuharibika, kwa hiyo mama ataipeleka kijijini akawagawie walioshindwa kuja. Ioke mapema, hata mwezi kabla, inazidi kunoga. Muulize tu mwokaji matunda ameyaloweka kwenye nini. Wengi hutumia brandi. Kama kuna Waislamu au walokole kati ya hao wageni, aloweke kwenye juisi ya machungwa au chai ya rangi.

Kazi ya pili ni kuliwa, na hapo nakuunga mkono. Nimekaa kamati nyingi, na shughuli ikiisha huwa napita mezani kuchungulia sahani. Utakuta lile ganda jeupe limebanduliwa na kuachwa pembeni kama la yai, zabibu zimechokolewa kwa kijiti cha meno. Ikiwa keki ya chungwa, sahani tupu, na mtoto wa mtu amerudi mara ya tatu. Hata kwa Waingereza wenye keki yao ya matunda, Harry na Meghan mwaka 2018 walikata ya limau.

Kwa hiyo agiza za chungwa au vanila kwenye trei, zikatwe jikoni na zisitoke kwenye friji mpaka muda wake. Desemba Dar joto linapita nyuzi 30. Krimu ya siagi ikisimama ukumbini kwa muda wa saa tatu chini ya taa za video, inateremka yenyewe.

Na hizo ghorofa tano? Ya juu iwe ya matunda, inchi 6. Mbili zinazofuata, inchi 8 na 10, ziwe za chungwa. Ukikata vipande vidogo vya harusi hapo unapata kama 60. Mbili za chini ziwe lile povu gumu linalokuja na televisheni mpya, lipakwe aisingi. Weka ua mahali pa kukatia, tafadhali! Nimeshuhudia bwana harusi akikereza povu kwa kisu huku MC anahesabu moja, mbili, tatu.

Keki igawiwe mara tu mkishakata, kabla ya chakula. Ukingoja saa tano usiku watu wanatafuta bodaboda.

Sasa mama mkwe. Usimtume mchumba wako, na usimwandikie WhatsApp. Nenda naye Jumamosi kwa mwokaji mkaonje aina tatu, aanze yeye kuchagua ya matunda. Halafu umuulize, "Mama, na wageni tuwape ipi?"