Sauti ya Ndege Chini ya Maji: Anza kwa Penseli

Mara ya kwanza nilipotengeneza kielelezo cha kompyuta cha sauti ya ndege inayopita juu ya bahari, ramani yangu ilionyesha duara kubwa la kelele chini ya maji, nami nikaridhika nayo kwa siku kadhaa kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nimeiacha sauti ivuke uso wa maji kana kwamba uso huo haupo. Ndiyo maana namshauri anayeanza achore kwanza njia ya sauti kwa penseli, programu aifungue baadaye.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde hewani na mita 1,500 majini. Kwa sababu ya tofauti hiyo, miale inayogonga uso tulivu kwa pembe inayozidi nyuzi 13 hivi kutoka wima hurudi hewani, na ile iliyo ndani ya pembe hiyo ndiyo huzama. Ndege ikiwa mita 300 juu, sauti huingia moja kwa moja kupitia duara lenye nusu kipenyo cha mita 70 tu.

Kosa langu la pili lilikuwa la desibeli, nalo nimeliona hata kwa wenye uzoefu. Hewani desibeli huhesabiwa kwa kulinganisha na maikropaskali 20 (maikropaskali ni kipimo kidogo sana cha shinikizo), majini na maikropaskali 1, kwa hiyo shinikizo lile lile huandikwa kwa desibeli 26 zaidi majini. Ongeza 6 nyingine, kwa kuwa chini kidogo ya uso shinikizo huwa karibu maradufu, japo nishati inayovuka ni kama sehemu moja kwa elfu. Basi sauti ya desibeli 90 juu ya uso itaandikwa takriban 122 chini yake, bila ndege kuongeza kelele hata chembe.

Sauti ikishazama, miale hutawanyika upesi: kwa ndege ile ile, kwenye kina cha mita 70 hivi shinikizo limebaki nusu. Lakini bahari ikichafuka, uso wenye mawimbi huingiza sauti kwa pembe pana zaidi, na penye maji mafupi sakafu huirudisha juu, hata ikasikika mbali na njia ya ndege. Kwa hiyo sikubali kielelezo changu kabla ya kukilinganisha na haidrofoni mbili, yaani maikrofoni za chini ya maji, zilizoshushwa kwenye vina tofauti, kwani kilicho kibovu kinaweza kupatana na moja kwa bahati tu.