Kutoa pati moja kwenye asembli bila kuharibu mashine nzima

Mkuu, umeuliza jinsi ya kuhifadhi kisu peke yake kutoka kwenye asembli (mchoro wa pati zote zikiwa zimeunganishwa) ya mashine ya kubangua korosho uliyochora kwenye SolidWorks, programu ya kuchora mashine, umtumie mtu wa kukata chuma kwa leza Dar bila kumpa mchoro wa mashine nzima. Swali hili liliwahi kunigharimu bati zima la stenlesi hapa Masasi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Ukikifungua kisu kutoka ndani ya asembli kinakuja kwenye dirisha lake. Ni faili linalojitegemea, SLDPRT, wakati mashine ni SLDASM. Wengi wetu tunaenda "Save As", jina jipya, tumemaliza. SolidWorks inaleta onyo, nasi kwa mazoea tunalifunga bila kusoma. Hapo ndipo penye kazi. Ukikubali "Save As" ya kawaida wakati asembli iko wazi, asembli inaliacha faili la zamani na kushika hilo jipya. Ukichagua "Save as copy and continue", nakala inakaa pembeni na mashine inabaki na kisu chake. Wewe unataka hii ya pili.

Mimi nilikubali ya kwanza. Mteja wa Newala alikuwa na mashine ya zamani, matundu ya bolti yako mbali zaidi kwa milimita 4, nikayasogeza kwenye kile nilichodhani ni nakala. Mwezi uliofuata nikafungua mashine yangu mwenyewe, nikatoa visu vya seti mpya, nikatuma. Vikarudi vinang'aa, vizuri kweli, na hakuna hata kimoja kilichokubali bolti. Asembli ilikuwa imeshika kisu cha Newala siku zote hizo. Na ilikuwa stenlesi, maana mafuta ya ganda la korosho ni makali, yanaunguza hadi mikono ya wabanguaji, seuze chuma cha kawaida.

Kabla hujahifadhi chochote, angalia jina la kisu kwenye ule mti wa kushoto, yaani orodha ya pati za asembli. Likiwa ndani ya mabano ya mraba, basi hakina faili lake, kinaishi ndani ya asembli. Bofya kulia, chagua "Save Part (in External File)", ndipo kipate faili. Ukiona mshale -> mwishoni mwa jina, kisu kinachukua vipimo kwa jirani yake. Ukibadili shafti, nacho kinabadilika. Kwenye nakala ya kutuma, ingia kwenye orodha ya "External References" ukate hayo mahusiano kwa "Break All". Hakuna kurudi nyuma baada ya hapo, ndiyo maana nasisitiza iwe nakala, isiwe faili la mashine.

Mtu wa leza hahitaji SLDPRT hata kidogo. Akiwa na toleo la zamani kuliko lako huenda lisifunguke kwake. Bofya kulia kwenye uso bapa wa kisu, toa DXF, mchoro bapa wa mistari ambao leza inaufuata, na mwambie apime upande mmoja kabla hajakata, kwa sababu milimita kugeuka inchi njiani si jambo geni. Kama pati si bapa, tuma STEP, faili la umbo la 3D ambalo programu nyingine zinalifungua. Inabeba umbo tu, haibebi hatua ulizopitia kulichora, na kwa kazi za watu mimi naona hiyo ni faida. STL waachie wenye printa za 3D.

Anayetumia FreeCAD, programu ya bure ya kuchora: chagua pati kwenye mti, halafu "Export", STEP. Kinatoka ulichochagua tu. Ila afadhali ufungue faili asili la pati utolee huko, la sivyo inaweza kuja imening'inia mbali na sifuri, pale ilipokuwa imekaa kwenye mashine.

Na zile bushi ulizotaja mwishoni, za beringi 6204, usihangaike na faili lolote. Mkerezaji wa kwetu anataka karatasi: milimita 47 nje ya beringi, 20 ndani, upana 14, na uandike unataka ikaze kiasi gani. Bila hilo la mwisho atakukerezea bushi iliyolegea, inayocheza.

Weka picha ya mti wako wa asembli hapa tuone kama kuna mabano au mishale.