Maswali ya Wasomaji: Je, Michezo ni Somo la Chuo Kikuu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mkulima wa korosho hapa Newala. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita katika tahasusi yenye Bayolojia. Sisi tulitarajia aombe ualimu wa sayansi au uuguzi, lakini yeye anasema anataka kusomea michezo chuo kikuu. Alikuwa akicheza mpira wa pete mpaka akachaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Siku moja aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja, na goti likageuka bila kuguswa na mtu. Usiku ule ule tulimkanda kwa maji ya moto, goti likazidi kuvimba, na hadi leo hakimbii kama zamani. Mjomba wake, ambaye kwetu sisi neno lake ndilo linalofunga kikao, anasema hatatoa fedha za korosho ili mtoto aende chuo kikuu kujifunza kucheza, tena mtoto mwenyewe goti lake halichezeki. Je, michezo ni somo kweli, na mwisho wake ni nini?
*Mama wa Newala*

JIBU: Mama, pokea kwanza pole kwa goti la binti yako. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona jibu la mjomba limo humo humo, katika maneno machache uliyoyaandika kama kwa kupita: kwamba goti liligeuka bila kuguswa na mtu. Msichana aliyekaa na maumivu miezi mingi akijiuliza kwa nini mwili wake ulimwangusha mahali ambapo hapakuwa na wa kumgonga, hendi chuo kujifunza kucheza. Anatafuta kujibiwa, na swali alilonalo ni la kitaaluma kabisa.

Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana kama msalaba, na ile ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mchezaji anaposimama ghafla au kugeuka. Watafiti wa michezo wamebaini kwamba sehemu kubwa ya ajali zinazokata kano hiyo hutokea bila mchezaji kugongana na mwenzake, na kwamba katika michezo inayochezwa na jinsia zote mbili, wasichana huumia kano hiyo zaidi ya mara mbili kuliko wavulana. Mpira wa pete una hatari yake ya pekee, kwa kuwa sheria inamkataza aliyedaka mpira kuendelea kutembea nao. Akitua ni lazima asimame na autoe ndani ya sekunde 3, kwa hiyo kasi yote aliyokuja nayo huishia gotini na kwenye kifundo cha mguu. Sisemi kwamba kano ndiyo iliyomuumiza binti yako. Hilo atalithibitisha daktari wa mifupa, na nakusihi umpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara kabla hajaanza masomo yoyote. Kuhusu maji ya moto usijilaumu, maana karibu sote tumelelewa hivyo, lakini katika siku mbili tatu za mwanzo joto huongeza damu na uvimbe mahali palipoumia, na kilichofaa ni kitu cha baridi, bandeji, na mguu kuinuliwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hatari hiyo inaweza kupunguzwa. Upo mpango wa kupasha mwili moto uitwao 11+, ulioandaliwa chini ya FIFA, ambao huchukua dakika 20 hivi na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Ulipojaribiwa nchini Norway kwa wasichana wapatao 1,900 wa umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, majeraha kwa ujumla yalipungua kwa takriban theluthi, na yale makubwa kwa karibu nusu. Huo ni mpango wa soka, ila mafunzo yake ya namna ya kuruka na kutua, goti likiwa limekunjwa kidogo na lisilolalia ndani, yanamfaa pia mchezaji wa pete. Dakika 20 katika uwanja wa mchanga wa shule yoyote ya Newala zingetosha, kama angekuwepo mwalimu aliyefundishwa kwa nini zinahitajika.

Mwambie mjomba kwa heshima zote afikirie kituo cha utafiti cha Naliendele. Hakuna anayedai kwamba mtafiti wa pale anaokota korosho nyingi kwa siku kuliko mkulima wa Newala. Ubwiri unga ulipoyakausha maua ya mikorosho, dawa haikutoka kwa mwokotaji hodari. Ilitoka kwa watu waliouchunguza ugonjwa wenyewe, wakaupima, wakajaribu dawa na kuandika walichokiona. Anayesomea michezo ana uhusiano wa namna hiyo na mchezaji. Hujifunza fiziolojia ya mazoezi, yaani moyo, mapafu na misuli vinavyofanya kazi mtu anapokimbia. Hujifunza biomekanika, inayochunguza nguvu zinazopita katika viungo. Na hujifunza saikolojia, historia, utawala na ufundishaji wa michezo. Bayolojia aliyoisoma binti yako haitapotea hata kidogo.

Wala mjomba si wa kwanza kuuliza kama hili ni somo. Maprofesa wenyewe waliulizana, na mwaka 1964 Franklin Henry wa Chuo Kikuu cha California aliandika hoja mashuhuri akitetea kwamba elimu ya viungo inaweza kusimama kama taaluma yenye maarifa yake, na si mafunzo ya ualimu peke yake. Kabla ya hapo, Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922 ilikuwa imekwenda, kwa sehemu, kwa Mwingereza Archibald Hill, aliyepima joto linalotolewa na misuli inapofanya kazi. Na mpira wa pete wenyewe, Mama, ni mtoto wa chuo. Mwaka 1891 mwalimu James Naismith wa Springfield, Marekani, alipewa siku 14 abuni mchezo wa kuchezea ndani wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu vya matunda, akaandika sheria 13, na huo ukawa mpira wa kikapu. Katika miaka ile ile ya 1890 wanawake wa vyuo vya elimu ya viungo nchini Uingereza waliubadilisha, na kutokana nao ukazaliwa mchezo uliompeleka binti yako timu ya mkoa.

Kwa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya elimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa kuwa ni shahada ya elimu, mhitimu huwa mwalimu, na hilo lisidharauliwe wakati ambapo mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo. Wengine huwa maafisa michezo wa halmashauri, na wengine hufanya kazi katika klabu na vituo vya mazoezi. Sitamficha mjomba kwamba ajira za serikali hugombewa na watu wengi, na kwamba mhitimu wa fani hii hulazimika kujieleza zaidi kuliko muuguzi. Jambo moja tu liwe wazi mapema: ikiwa moyo wa binti yako uko katika kuwatibu walioumia, basi anachokitaka ni fiziotherapia, ambayo ni fani ya afya na hufundishwa mahali pengine, kwa mfano katika chuo kikuu cha KCMC huko Moshi. Shahada ya michezo haimruhusu mtu kutibu wagonjwa. Mkalishe chini umuulize kama anataka kuliponya goti lililokwisha kuumia au kuyakinga magoti ya wengine yasiumie, kwa sababu njia hizo mbili hutengana tangu siku ya kuomba chuo.

SWALI: Mimi ni kijana wa Lindi mjini, namaliza kidato cha sita. Sichezi mchezo wowote vizuri, lakini kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika katika daftari dakika ya kila bao katika mechi ninazozitazama Uwanja wa Ilulu. Naona kama timu zinazotoka mikoa ya baridi hufungwa zaidi kipindi cha pili. Je, asiyejua kucheza anaweza kusomea michezo? Nianzie chuo cha michezo cha Malya au chuo kikuu? Na nikipata shahada nitaweza kufundisha timu ya Ligi Kuu kama Namungo?
*Mwandika daftari, Lindi*

JIBU: Ndugu yangu, unaweza, na kwa daftari hilo umekwisha kuanza. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani alichapisha kazi inayohesabiwa miongoni mwa utafiti wa kwanza kabisa wa saikolojia ya michezo, naye alianza kwa kupitia rekodi za waendesha baiskeli. Aliona kwamba wanaoshindana na wenzao hukimbia haraka kuliko wanaoshindana na saa peke yake, kisha akatengeneza jaribio la kuona sababu. Chuoni utatakiwa kushiriki mazoezi ya vitendo, kwa hiyo usiache kukimbia, ila hutadaiwa uwe nyota.

Hilo uliloliona Ilulu lina maelezo ya kisayansi yanayowezekana. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini halipozi chochote. Pwani yetu ina joto na unyevunyevu pamoja, hewa imekwisha kujaa mvuke, jasho halikauki upesi, na moyo hulazimika kugawa damu kati ya misuli inayofanya kazi na ngozi inayotafuta kupoa. Mapigo hupanda ingawa kasi ya mchezaji ni ile ile. Aliyezoea hali hii hutoka jasho mapema zaidi, jasho lake lina chumvi pungufu, na maji ya damu yake yameongezeka. Mgeni wa Mbeya au Njombe huhitaji kati ya wiki moja na mbili za mazoezi katika joto ili afikie hapo, na timu iliyofika juzi haina muda huo.

Lakini maelezo mazuri bado hayajawa ushahidi, na hapa ndipo shabiki anapoachana na mwanafunzi wa michezo. Je, timu hizo hufungwa kipindi cha pili hata zinapocheza kwao? Je, timu za Lindi zenyewe hazichoki wakati huo huo? Mechi ya saa kumi jioni mwezi wa Julai ni sawa na ya Desemba? Ongeza katika daftari lako saa ya kuanza mechi, hali ya hewa, siku waliyowasili wageni na idadi ya wachezaji waliobadilishwa. Mechi ambayo wageni walimaliza kwa nguvu iandike kwa uangalifu ule ule wa ile iliyokupendeza, maana nimewaona vijana wenye akili wakipoteza kazi ya mwaka mzima kwa kuandika tu yale yaliyokubaliana na mawazo yao.

Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichoko wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, kinafundisha zaidi kazi yenyewe, kama vile ukocha na uongozi wa michezo, katika ngazi zilizo chini ya shahada. Ikiwa matokeo yako ya kidato cha sita yatakuruhusu kuingia chuo kikuu na unapenda utafiti, omba chuo kikuu. Ikiwa unataka kushika filimbi na timu mapema, Malya panakufaa. Kwa njia yoyote, hakikisha kozi imo katika orodha ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa shahada, au ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, kwa cheti na stashahada, kisha uliza kama chuo kina maabara ya kupimia mwili na mahali pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Ukocha wa Ligi Kuu ni jambo jingine: huko hutazamwa leseni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, ambazo hupandwa ngazi kwa ngazi kutoka D hadi A na zaidi, kupitia kozi zinazosimamiwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Shahada haichukui nafasi ya leseni, ingawa kocha mwenye vyote viwili ataelewa kwa nini mchezaji wake amechoka, na hatamwita mvivu.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Nachingwea. Je, vyuo hivyo vinaijali michezo yetu ya asili, au ni soka na kikapu tu?
*Mwalimu mstaafu*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Historia na sosholojia ya michezo ni sehemu ya taaluma hii, na mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu kuhusu mdako, rede, bao, au kuhusu ngoma ya sindimba, ambayo mapigo ya moyo ya wachezaji wake yakipimwa yanaweza kumshangaza mkimbiaji. Tatizo ni kwamba kijana wa chuo akija Nachingwea hukuta wanaojua kanuni wamezeeka na hakuna kilichoandikwa. Wewe una muda na una mwandiko mzuri. Chukua mchezo mmoja uliouona shuleni enzi zako, andika idadi ya wachezaji, ukubwa wa uwanja kwa hatua, kanuni, adhabu, nyimbo zake, msimu uliochezwa na waliokuwa wakizuiwa kuucheza. Weka mwaka na kijiji, na mahali ambapo wazee wawili wanakupa kanuni tofauti, ziandike zote mbili.