Anza na meza ya kumenya: kwa wanaoanza kupanga uzalishaji kiwanda cha korosho

Wadogo zangu mnaokuja Mtwara na vyeti vyenu vya uhandisi, karibuni. Karibu kila anayeanza nimemwona akirudia kosa langu. Anaingia kiwandani, anakwenda moja kwa moja kwenye boila na mashine za kubangua kwa kuwa ndizo zenye kelele, anaandika uwezo wake kwa saa, anazidisha kwa saa za zamu, kisha anabandika ukutani mpango wa mwezi mzima. Mpango huo hauvuki Jumatano.

Korosho ghafi huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, huachwa ipoe usiku kucha, hubanguliwa, karanga yake, yaani punje ya ndani, hukaushwa kwenye oveni, humenywa ganda laini, hupangwa madaraja, hufungwa. Panapokwama ni kwenye kumenya. Kwetu mgeni humenya kilo 5 kwa zamu na mzoefu 8. Chukua kilo 6.5 kama wastani. Bosi akitaka tani 1 ya karanga kwa siku, unahitaji watu 154 mezani, na siku hiyo pasiwe na aliyefiwa wala mwenye mtoto kliniki. Kama unao 90, kiwanda chako ni cha kilo 585, hata boila lingekuwa na uwezo wa kulisha viwanda viwili. Mtaniambia kuna mashine za kumenya kwa hewa. Zipo, na zinasaidia, ila huacha punje zilizong'ang'aniwa na ganda, na hizo hurudi palepale mezani. Pimeni kiasi kinachorudi kabla ya kupunguza watu.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, niliagiza boila na ubanguaji viende kwa nguvu zote ili ripoti ya wiki ipendeze. Karanga zikatoka kwenye oveni kavu vizuri, mezani hakuna nafasi, trei zikarundikwa ukumbini kwa siku 2. Ilikuwa Februari, mvua, na hewa ya pwani hii mnaijua. Karanga zilivuta unyevu, ganda laini likanata upya, akina mama wakalazimika kukwangua kwa kisu. Punje nzima zikageuka vipande. Daraja la W320, yaani punje 300 hadi 320 kwa ratili, lina bei yake. Vipande vina bei nyingine kabisa. Ripoti ya wiki ilipendeza kweli. Ya mwezi sikupenda kuisoma.

Tangu hapo napanga kwa kurudi nyuma. Nauliza kesho mezani watakaa wangapi, hao nawatafutia karanga za kutoka oveni, oveni naitafutia za kubanguliwa, hadi nafika kwenye boila, ambalo huwashwa leo kwa korosho za kubanguliwa kesho. Akiba kati ya hatua naiweka kwenye korosho iliyopikwa, bado ikiwa ndani ya ganda lake gumu. Hiyo huvumilia. Karanga iliyokaushwa haivumilii, imenywe ndani ya siku moja.

Mpango wa mwaka ndio unaowatoa jasho wenye hela. Huku minada huanza Oktoba, na kwa kawaida ukifika Januari mzigo umepungua sana. Miezi hiyo michache ndiyo ya kununua chakula cha kiwanda cha mwaka mzima. Tani 1 ya karanga kwa siku, ikiwa karanga inayopatikana ni asilimia 22 ya uzito wa ghafi, hula takriban tani 4.5 za ghafi. Kwa siku 250 ni kama magunia 14,200 ya kilo 80. Na kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho za wakulima hukusanywa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada, unashindana mnadani na wasafirishaji wa korosho ghafi, ambao mzigo ukipanda meli wao wamemaliza. Wewe utaulinda ghalani hadi Septemba. Mhasibu asipokuwa nawe mezani tangu Agosti, mpango wako ni barua ya mapenzi tu.

Ghalani msifuate kanuni ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Pima unyevu: gunia linalozidi asilimia 10 litangulie boilani, hata kama limeingia jana. Za mwisho wa msimu, zilizookotwa baada ya mvua, mara nyingi ndizo zinazotangulia.

Kuhusu kupanga majengo nitasema machache. Mafuta ya ganda huunguza ngozi na kuchafua karanga, kwa hiyo anayetoka kubangua asipite chumba cha kumenya bila kunawa na kubadili koti. Na kama boila linachoma maganda, angalieni upepo wa kusi na wa kaskazi kabla ya kusimamisha bomba la moshi. Mchoro uliofanywa ofisini Juni hauoni moshi wa Januari.

Mtapita Lindi, Masasi, Newala na kuona viwanda vikubwa vya zamani, vyenye mashine za Kiitaliano na Kijapani. Uzalishaji wa nchi ulikuwa umefika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Viwanda vikapangwa kwa matarajio hayo, mavuno yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na vingi vikabaki maghala. Wazee wengine husema mashine zilikuwa mbaya. Mimi naona hata mashine ya dhahabu ingelala njaa.

Siku ya kwanza chukua saa na daftari, ukae kwenye benchi la kumenya zamu nzima, na umwamkie yule mama mzee wa pembeni kabla hujamuuliza lolote. Yupo kila kiwanda. Kwetu huchukua punje moja kutoka trei mpya, huisugua ganda kwa dole gumba, halafu huivunja karibu na sikio. Asiposikia mlio, husukuma trei pembeni bila kusema neno, nami huirudisha kwenye oveni.