Rangi Inang'aa, Chini Je? Majibu kwa Wapenzi wa V8 za Zamani

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu nusu zinauliza bei. Nirudie: swali la bei lisilo na mwaka wa gari, namba ya chasi na picha za chini ya gari silijibu. "Nina Camaro, ina thamani gani?" Camaro ilianza kuuzwa na mwaka wa modeli wa 1967, nyingine zikitoka kiwandani na injini ya silinda sita, nyingine na V8 (silinda nane) za kila ukubwa. Mwaka 1969 zilitengenezwa 69 tu zenye ZL1, injini ya alumini ya inchi za ujazo 427. Zisimamishe barabarani ya silinda sita na ya ZL1, zote zimepigwa rangi moja, na mpita njia hatatofautisha. Sasa mimi nikutajie bei kwa kutumia nini?

Twende kwenye maswali yaliyoulizwa vizuri.

Shikamoo fundi. Nimepata Dodge Charger R/T ya 1970, muuzaji anasema injini yake ni Hemi halisi. Rangi nyekundu imeng'aa kama kioo na bei ni ya kutupa. Anataka kishika uchumba leo jioni. Nitume? (Msomaji, Dallas)

Marahaba. Usitume hata senti. Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia, na haraka ya muuzaji ndiyo inayokuonyesha.

Anza na kibao cha namba ya chasi, kinaonekana kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Charger R/T ya 1970 iliyotoka kiwandani na Hemi ya inchi za ujazo 426 namba yake inaanza XS29R0. Herufi ya tano ndiyo inayotaja injini. Ukikuta U badala ya R, gari lilizaliwa na 440 ya kabureta moja. Ukikuta V, ni 440 ya kabureta tatu. Hizo nazo ni injini nzuri sana na gari lake ni la kutamaniwa, lakini si Hemi, na anayekuuzia kwa jina la Hemi anakuibia.

Herufi ikikubali, bado hujamaliza. Sehemu ya namba ileile iligongwa kwenye bloku ya injini na kwenye giaboksi. Nenda mwenyewe na tochi, brashi ya waya na kitambaa. Futa grisi, soma. Angalia uso wa chuma panapogongwa namba: ukiona pamesagwa upya na kulainishwa kuliko chuma cha jirani, au tarakimu zimekaa ovyo, kuna mtu amepita hapo kabla yako. Fungua boneti utafute kibao kidogo cha bati kwenye ukuta wa ndani wa madigadi, chenye misimbo ya injini, rangi na vifaa.

Kisha omba ruhusa ya kung'oa kiti cha nyuma. Kiwandani kila gari lilifuatana na karatasi ya oda iliyowaambia wafanyakazi wafunge nini, na mara nyingi karatasi hiyo ilibaki imenaswa kwenye springi za kiti. Ukiipata leo imekuwa rangi ya chai, panya wamekula pembe, mikunjo inachanika ukiigusa, lakini namba ya chasi na misimbo ya injini bado vinasomeka. Muuzaji mkweli atakusaidia kukitoa hicho kiti. Akikataa, rudi nyumbani.

Hayo yote ni karatasi na namba. Bado kutu. Charger haina chasi ya kujitegemea kama pikapu. Sakafu, miimo na bodi ndivyo vinavyobeba gari zima. Springi za mbele ni fimbo za chuma zinazojisokota, na mwisho wake wa nyuma umeshikwa kwenye boriti iliyo chini ya miguu ya dereva. Boriti hiyo ikiliwa na kutu inaweza kuachia fimbo gari likiwa kwenye mwendo. Pandisha gari, gonga boriti hiyo kwa nyundo ndogo, usikilize. Pitisha sumaku kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kwenye kona za chini za buti. Sumaku isiposhika, chini ya huo wekundu kuna puti ya kuzibia matundu, na fundi aliyepaka puti badala ya kuchomelea bati alijua anachokificha.

Nataka kuleta Mustang ya 1967 kutoka Marekani. Ushuru wa Mombasa ni kiasi gani? (Msomaji, Nyali)

Kwa sheria ya kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, wala kusajili lenye usukani wa kushoto. Mustang yako inakwama kwa yote mawili, kwa hiyo wakala anayekuambia "nitapanga" usimpe pesa. Mapenzi ya magari ya zamani hayahitaji meli: tafuta Datsun au Peugeot 404 iliyolala chini ya mwembe wa mtu, uifufue, uipeleke kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya unadhifu wa magari yaliyoanza mwaka 1970.

Nimenunua Plymouth Road Runner ya 1969 haiwaki. Nianze na rangi gani? (Wasomaji watatu, maneno tofauti, kosa moja)

Jamani. Gari haliwaki, breki hamjazigusa, na swali ni rangi. Kila mwaka naona magari yaliyopigwa rangi ya maelfu ya dola yakiuzwa nusu-nusu kwa sababu mwenyewe aliishiwa kabla ya kufika kwenye injini. Tena fundi akija baadaye kuchomelea sakafu, moto unababua rangi mpya mnayoitazama kwa fahari.

Breki kwanza. Magari mengi ya Marekani ya kabla ya 1967 yana masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Kama gari lako ni la miaka hiyo, weka masta silinda ya njia mbili kabla hujalitoa uani, na usimsikilize anayesema unaharibu uhalisi. Ile ya zamani ifunge kwenye sanduku uihifadhi. Road Runner ya 1969 ilikuja na njia mbili tayari, ila mabomba yake yana zaidi ya nusu karne, yabadilishe. Kisha matairi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo ulioanza na DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi lenye meno mazima lililotengenezwa miaka 15 iliyopita linaweza kupasuka kwenye mwendo wa kasi, hata liwe jeusi namna gani.

Halafu kutu, injini, giaboksi, nyaya. Rangi ije vyuma vyote vikishakaa mahali pake.

Nipo Muscat na Chevelle ya 1970. Kiangazi inachemka kwenye foleni, na nikiizima petroli inachemka kwenye kabureta, haiwaki tena mpaka ipoe. Fundi wangu ametoa themostati lakini tatizo liko palepale.

Rudisha themostati leo, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza injini. Tabia hii mafundi wetu wameibeba kutoka Kariakoo na Gikomba mpaka Ghuba, na haijawahi kutibu kitu. Bila themostati injini inabaki baridi kupita kiasi kwenye barabara kuu, oili inachafuka, silinda zinalika, na kwenye foleni inachemka vilevile, maana shida ya foleni ni hewa.

Angalia kama kava la feni lipo, lile linalozunguka feni na kuibana kwenye rejeta. Kwenye magari haya huwa limeng'olewa zamani na mtu aliyeona linamzuia kufungua boliti. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Kisha rejeta ipelekwe kusafishwa ndani, na uhakikishe injini haiwashi moto wa plagi kwa kuchelewa.

Kwa petroli inayochemka, weka kipande cha kukinga joto kati ya kabureta na manifoldi (njia zinazogawa hewa na petroli kwenye silinda), na bomba la mafuta lipitishwe mbali na egzosi. Manifoldi ya V8 nyingi za miaka ile ina njia inayopitisha moshi wa moto chini ya kabureta, iliyowekwa kwa ajili ya asubuhi za theluji za Michigan. Kwa hali ya hewa ya Oman zibeni njia hiyo kwa gasketi maalumu. Gari halitaonekana tofauti hata kidogo.

Oili gani kwa injini ya 1968?

Yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kama kamshafti yako, shafti inayofungua valvu, ni ya tapeti bapa. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimepunguziwa viungo hivyo ili kulinda vichujio vya moshi, na kamshafti mpya inaweza kulika ndani ya dakika chache za kuwashwa mara ya kwanza.

Chevelle yenye injini ya 454 LS5 imeandikwa nguvu 365 za farasi mwaka 1971 na 270 mwaka 1972. Walifanya nini kuiua hivyo?

Kikubwa walibadilisha kipimo. Zamani injini ilipimwa ikiwa juu ya stendi, bila sailensa, bila filta ya hewa, bila mizigo ya kuzungusha. Kuanzia modeli za 1972 ilipimwa ikiwa imevaa vitu vyote inavyovaa ndani ya gari. Kwa kipimo hicho kipya, ile ya 1971 yenyewe ilikuwa 285. Basi acheni kuzitukana gari za 1972. Ni nzuri, na bei yake bado inashikika.

Nina miaka 22, nina Dart ya V8. Vijana wenzangu hapa Columbus wanashindana usiku kwenye barabara ya nyuma ya maghala. Nifanye nini gari liwe jepesi zaidi?

Mdogo wangu, kwenye barabara ile usiende. Hakuna kizuizi, hakuna gari la wagonjwa, na anayetoka zamu ya usiku ghalani hajui kama mnakuja. Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu), mwaka 1951 akilenga hasa kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali pa kukimbia. Viwanja vingi vya dragi vina usiku wa wazi: unalipa kiingilio, gari linakaguliwa, unakimbia robo maili, mita 402, na kuondoka na karatasi ya muda wako.

Usiogope kwamba Dart yako ni nzito. Kuna mashindano ambayo kila mmoja anataja mapema muda atakaotumia. Mwenye gari la polepole anaachiwa mapema, na tofauti ya muda waliotaja ndiyo mwanya wake. Ukikimbia chini ya muda uliotaja unapoteza, isipokuwa kama mwenzako amekosea zaidi. Kwa hiyo gari la sekunde 15 linaweza kulitoa la sekunde 11 kama dereva wake yuko macho. Unasogea taratibu mpaka magurudumu ya mbele yakate mionzi ya mstari wa kuanzia, taa tatu za njano zinashuka moja moja kwa nusu sekunde, na wanaojua huachia breki wakiiona ile ya njano ya mwisho. Ukingoja kijani, mwenzako keshaondoka.

Na usalama si mapambo. Kwa kanuni za NHRA, robo maili ya sekunde 13.99 au chini inataka helmeti, na 11.49 au chini inataka bomba la kinga dhidi ya kubiringika. Kanuni za namna hii zimelipiwa kwa miili ya watu. Mwaka 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, giaboksi ililipuka mbele ya dereva Don Garlits na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Alirudi mwaka uliofuata na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda mashindano ya Winternationals pale Pomona, na baada ya hapo daraja lote la Top Fuel, la magari ya dragi ya kasi kuliko yote, likamfuata.

Kwa nini Top Fuel sasa wanakimbia futi 1,000 na si robo maili?

Kwa sababu dereva Scott Kalitta alifariki kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, mwezi Juni 2008, gari liliposhindwa kusimama mwisho wa uwanja. Futi 1,000 ni mita 305. Waliofupisha walifanya sawa.

Baba mkwe ametuachia Pontiac GTO ya 1965. Rangi ni ya kiwandani, imefifia, na mlango mmoja una michubuko. Mume wangu anataka kuivua yote na kuipiga nyeusi kabla ya maonyesho. Mimi moyo unasita. (Msomaji, Minneapolis)

Dada, uko sahihi, na mwonyeshe mzee wa nyumba jibu hili.

Mwaka 1964 na 1965 GTO ilikuwa kifurushi cha nyongeza juu ya Pontiac LeMans, kwa hiyo namba ya chasi haiwezi kuthibitisha kwamba ni GTO. Ni kuanzia 1966 namba zinapoanza na 242. LeMans nyingi zimebandikwa nembo za GTO kwa sababu hiyo. Gari lenu linahitaji ushahidi, na rangi ile ya kiwandani, matone yake ndani ya buti, alama za chaki za wakaguzi kwenye bati linalotenganisha injini na abiria, vyote ni ushahidi. Mkivua, mmefuta. Kwanza agizeni kutoka Pontiac Historic Services nakala ya ankara ya gari lenu.

Na msidhani majaji watawacheka. AACA, chama cha Marekani cha magari ya kale kilichoanzishwa 1935, kina daraja la magari yaliyobaki na uhalisi wake. Januari 2020, kwenye mnada wa Mecum huko Kissimmee, Mustang ya 1968 aliyoendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye sinema ya Bullitt ilipigiwa nyundo kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada, ikiwa na kutu zake na rangi yake iliyochoka. Kama ingepigwa rangi mpya, nani angeamini kuwa ni yenyewe?

Ioshwe kwa maji na sabuni laini. Mabomba ya breki, hosi na matairi vibadilishwe, vya zamani vihifadhiwe. Michubuko ya mlango iacheni.

Maonyesho gani yanafaa kwa anayeanza?

Woodward Dream Cruise karibu na Detroit, Jumamosi ya tatu ya Agosti, ni barabara na kuangalia ni bure. Ukitaka kuona urejeshaji wa kiwango cha juu, nenda Muscle Car and Corvette Nationals pale Rosemont, jirani na Chicago, mwezi Novemba. Huko piga magoti utazame chini ya magari, na muulize mwenye gari kabla ya kugusa.

Safari ijayo ni nyaya na dashibodi. Mnaotuma picha, tumeni za chini ya gari, ndani ya buti zulia likiwa limeondolewa, na kibao cha namba kwa karibu. Picha za gari likiwa machweoni pwani bakini nazo.